Ploti Moja, Vyumba Vingi: Tuache Kurundikana Kwa Wastani

Leo sianzi na utani. Naanza na kukiri kosa.

Mwaka juzi, wiki chache kabla ya mvua ya Machi, niliweka posti ya mahindi hapa. Mnajua wengi wenu mnaonifuata ni watoto wa wakulima, hata kama mnajifanya wa Nairobi. Niliuliza swali rahisi: kwenu mlipanda mbegu gani, na mlivuna magunia mangapi kwa ekari? Majibu yakamiminika. Kitale, Moi's Bridge, Matunda, Kimilili, Kanduyi. Nikayaandika yote kwa laptopu yangu, ile ambayo betri ilikufa na lazima ikae imechomekwa ukutani kama friji.

Nikachora chati ya nguzo mbili. Nguzo ya kwanza ilikuwa mbegu za mfululizo wa 600, zile kina H614. Nguzo ya pili ilikuwa za mfululizo wa 500, kina H513. Nguzo ya 600 ikatoka ndefu, ya 500 fupi. Nikaandika juu kwa herufi kubwa: "600 IMEILAZA 500, MJADALA UMEFUNGWA." Manze, posti ikashika moto. Watu wakashea mpaka kwa magrupu ya wazazi.

Sasa, nina mjomba upande wa Bungoma, kule chini kwenye joto. Mjomba hana akaunti yoyote, lakini binti yake alimwonyesha. Mjomba akasema, "Kama kijana wa dada yangu amechora, na ni mtu amefika chuo, basi." Akaacha mbegu aliyokuwa akipanda miaka yote, akanunua 600.

Ikafika Agosti. Majirani zake wamevuna, wamelima tena, wanatupa maharagwe chini kwa msimu wa pili. Mahindi ya mjomba bado ni mabichi, yamesimama tu, yamekalia shamba kama mgeni asiyejua kuaga. Alipokuja kuvuna, magunia hayakuzidi ya majirani, na msimu wa pili ulikuwa umempita. Hakunigombeza. Alinipigia tu simu akaniuliza, "Mpwa wangu, ile picha yako ilikuwa ya wapi?"

Hilo swali lilinikosesha usingizi. Kwa sababu jibu la ukweli ni: haikuwa ya mahali popote.

Niwaelezee, maana hapa ndo kuna somo. Kenya Seed wenyewe, na makao yao makuu yako hapa Kitale, hawafichi kitu. Mfululizo wa 600 ni wa nyanda za juu, unataka baridi na muda mrefu shambani. Mfululizo wa 500 ni wa nyanda za kati, unakomaa mapema. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Bungoma uko karibu mita 1,400. Ni safari ya matatu ya asubuhi moja tu, lakini kwa mhindi ni kama nchi mbili.

Waliojibu kwamba wamepanda 600, wengi walikuwa watu wa huku juu, ambako mahindi hufanya vizuri hata ukiyaangalia vibaya. Waliosema 500, wengi walikuwa wa kule chini. Kwa hiyo chati yangu haikulinganisha mbegu na mbegu. Ililinganisha Kitale na Bungoma, halafu ikaandika majina ya mbegu juu yake.

Usiku ule baada ya simu ya mjomba nilifungua yale majibu tena. Safari hii sikuchora chati moja. Nilichora mbili, kando kwa kando: chumba cha nyanda za juu, chumba cha nyanda za chini. Data ni ile ile, hakuna jibu nililoongeza wala kutoa. Chumba cha juu, 600 inaongoza. Chumba cha chini, 500 iko mbele. Ule "mjadala uliofungwa" ukafunguka mbele ya macho yangu, na jibu la mjomba lilikuwa limekaa hapo muda wote, limezikwa chini ya wastani.

Basi maoni yangu ya leo ni haya, na nitayatetea hadi bando liishe: mtu anayekurushia chati moja ya watu wengi tofauti bila kuigawa, usimpe laiki. Muulize kwanza vyumba viko wapi.

Mnajua ploti, siyo? Hapa kwetu ploti ni ile nyumba ndefu ya kupangisha: mlango, mlango, mlango, paa moja, bomba moja la maji, na mama mwenye nyumba akija tarehe tano kama saa ya ukutani. Kila mtu ana chumba chake, lakini milango ni ya saizi moja, kwa hiyo ukisimama pale nje unaweza kulinganisha: huyu amenunua pazia, yule ana viatu sita mlangoni, huyu hajaonekana wiki mbili. Watu wa data nao wana ploti yao, na ikigawanywa vizuri inafanya kazi vile vile. Unachukua kitu kinachowatofautisha watu, iwe mahali, umri, jinsia au mwaka, unampa kila kundi chumba chake, unaweka vipimo vile vile kwa kila chumba, kisha unasimama nje na kutazama.

Hii kitu si uchawi wa watu wa maabara. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhinda nyumbani, na sina cheti cha kuwaonyesha. Lakini kabla sijaondoka nilikuwa nimeonja R, programu ya bure kabisa ya takwimu, na ndani yake kuna ggplot2 iliyoanzishwa na Hadley Wickham. Mle kuna amri inaitwa facet_wrap. Unaandika mstari mmoja tu, unaiambia igawe kwa kaunti au kwa mwaka, na ploti yako inakatika vyumba yenyewe. Darasani niliiona nikadhani ni mapambo. Ilibidi mjomba apoteze msimu ndo nielewe kwamba kugawa chati ni sehemu ya kusema ukweli.

Na mkulima ndiye aliyefaidi somo hili mapema. Sikizeni hii. Mwaka 1931 na 1932 watafiti wa Minnesota, Marekani, walipanda aina 10 za shayiri katika vituo 6. Aina kumi, vituo sita, miaka miwili: namba 120 tu. Ronald Fisher, mzee mkubwa wa takwimu, akatumia sehemu yake kwenye kitabu chake cha 1935. Vizazi vya wataalamu wakazipitia. Halafu William Cleveland akazigawa vyumba sita, chumba kimoja kwa kila kituo, na kila chumba kikawa na alama za 1931 na za 1932. Aliichapisha kwenye kitabu chake cha 1993. Vyumba vitano vilisema kitu kimoja: 1931 ulikuwa mwaka mzuri kuliko 1932. Chumba cha sita, kituo cha Morris, kilisema kinyume.

Miaka sitini hivi namba zilikuwa mezani kwa watu wenye akili kuliko mimi na wewe, na ule ugeugeu wa Morris ulikuwa pale pale. Cleveland akasema inawezekana mtu alibadilisha miaka kimakosa wakati wa kuandika. Baadaye, 2013, Kevin Wright akarudi kuichunguza upya na kusema huenda hakuna kosa, kwamba mashamba na hali ya hewa vinaweza kabisa kufanya hivyo. Uamuzi uwe wowote, mimi nachukua hili: kabla ya kugawa, hakukuwa hata na swali. Vyumba havikuleta jibu, vilileta swali sahihi. Kama vile mjomba alivyoniuliza, "ilikuwa ya wapi?"

Na msidhani ni mambo ya wazungu. Hapa Kitale utafiti wa kuboresha mbegu za mahindi ulianza 1955, na H611, chotara ya kwanza ya aina yake kwetu, ikatolewa 1964. Watu wale hawakuishia kwenye mbegu moja ya Kenya nzima. Ndo maana leo ukiingia agroveti unakuta 600 ya nyanda za juu, 500 ya nyanda za kati, Katumani ya sehemu kavu, na chotara za Pwani kwa watu wa Pwani. Rafu ya agroveti ni ploti iliyogawanywa vyumba. Mimi na laptopu yangu tukabomoa kuta zote kwa dakika tano tupate laiki.

Sasa nitoke shambani, maana najua kuna mtu anasema, "Buda, mimi silimi." Tuje kwa maisha yenu.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022, ule wa KDHS, ulisema asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini wamewahi kushika mimba. Kumi na tano. Namba hiyo ilisemwa redioni, kanisani, kila mahali, na kila mtu akaichukua kwenda nayo alikotaka. Wengine wakasema vijana wa siku hizi wameharibika wote. Wengine wakasema si mbaya sana.

Gawa vyumba. Samburu: asilimia 50. Pokot Magharibi: 36. Nyeri na Nyandarua: 5. Kutoka Kitale kwenda Kapenguria ni chini ya saa moja kwa matatu. Ukifika umeingia chumba ambamo zaidi ya msichana mmoja kwa kila watatu wa umri wako amepitia hilo. Hiyo "asilimia 15" si ya Samburu na si ya Nyeri. Ni kama kumpima mtu mrefu na mtu mfupi, halafu kuwashonea wote wawili suruali ya saizi ya katikati.

Gawa tena kwa umri: katika miaka 15 ni asilimia 3, katika miaka 19 ni 31. Gawa kwa shule: wale ambao hawakusoma kabisa, karibu wanne kwa kila kumi. Ukishaona vyumba hivyo, ile hotuba ya "vijana wameharibika" inakosa pa kukaa. Maswali yanabadilika. Shule iko umbali gani? Nani anamwoza mtoto? Kliniki iko wapi? Wastani unakupa mtu wa kulaumu, lakini vyumba vinakuonyesha pa kwenda kufanya kazi.

Kuna wale watanijibu hivi: "Wewe unagawa gawa mpaka upate unachotaka." Hiyo hoja ina uzito na siikimbii. Mfano wake ni maarufu. Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, mwaka 1973. Ukichukua idara sita kubwa kwa pamoja, wanaume 2,691 waliomba nafasi na 1,198 wakakubaliwa, karibu asilimia 45. Wanawake 1,835 waliomba, 557 wakakubaliwa, asilimia 30. Ukiweka nguzo mbili hizo hapa leo, komenti zitawaka.

Wagawe kwa idara. Idara ya kwanza: wanawake asilimia 82 walikubaliwa, wanaume 62. Idara ya sita: wanawake 7, wanaume 6. Katika idara nne kati ya sita, wanawake walikuwa mbele. Inakuwaje? Wanaume wengi waliomba idara zinazokubali watu wengi. Wanawake wengi waliomba idara ambazo hata kidole hakiingii. Ukiwajumlisha, idara ngumu inawavuta chini.

Je, hiyo ina maana hakukuwa na dhuluma? Taratibu. Ina maana dhuluma, kama ipo, haikuwa pale tulipokuwa tunaelekeza kidole. Bado unaweza kuuliza kwa nini wasichana walijaa kwenye milango myembamba, nani aliwaelekeza kule tangu shuleni, na kwa nini milango ile ni myembamba. Kugawa hakufungi kesi, kunaihamishia tu kwenye chumba chake.

Lakini sasa tufike pale panapouma, kwa sababu naandika kutoka Moi's Bridge na siwezi kujifanya sijui.

Nilipoweka ile chati mpya ya mahindi yenye vyumba viwili, na msamaha wangu juu yake, mtu wa kwanza kukomenti aliandika: "Gawa kwa kabila tuone nani anajua kulima." Akapata laiki nyingi kuliko posti yenyewe. Chini yake watu wakaanza kutupiana majina. Nikafuta uzi wote.

Wengine mlinitumia ujumbe mkisema nimeogopa data. Hapana. Nitawaambia kwa nini.

Chumba unachochagua ni dai. Ukigawa kwa mwinuko wa ardhi, unadai kwamba mwinuko unafanya kitu kwa mahindi, na ni kweli, baridi inachelewesha kukomaa. Ukigawa kwa kabila, unadai kwamba mahindi yanajua jina la ukoo wa mwenye shamba. Hayajui. Watu wa kabila moja wamekaa bonde moja kwa sababu ya historia, na bonde lina udongo wake na mvua yake. Ukichora kabila, umechora udongo, halafu umeandika majina ya watu juu yake. Ni kosa lile lile nililofanya na mbegu, ila hili huwa halipotezi msimu wa maharagwe tu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 walikufa nchini, na Uasin Gishu ilikuwa kati ya sehemu zilizoumia zaidi. Nilikuwa mdogo, nimekulia katika masimulizi yake. Kwa hiyo ukiniambia "ni chati tu," nitakuambia hapana, hapa kwetu hakuna "chati tu."

Kumbukeni pia mji wenyewe tunaokaa. Zamani ukiitwa Hoey's Bridge, kwa jina la mlowezi Cecil Hoey aliyejenga daraja juu ya mto Nzoia. Jina likabadilika, daraja likabaki kuwa njia panda. Mji uko Uasin Gishu, lakini Trans Nzoia na Kakamega ziko hapo hapo, nauli ya bodaboda tu. Jumatatu sokoni gorogoro ya maharagwe haiulizi umetoka kaunti gani. Ukinigawia chati kwa kaunti, shamba la rafiki yangu ng'ambo ya mpaka linaingia chumba kingine, ilhali mvua iliyotunyeshea ni moja na udongo ni mmoja. Hata mpaka wa kaunti, wenye ramani na bendera, unaweza kuwa ukuta uliojengwa mahali ambapo hakuna tofauti.

Je, kabila lisichorwe kamwe? Sisemi hivyo. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inasema taasisi ya umma isiwe na wafanyakazi zaidi ya theluthi moja kutoka jamii moja. Utaijuaje bila kugawa kwa jamii? Pale kabila ndilo swali lenyewe, kwa sababu kuna mtu anaweza kuwa analitumia kuajiri. Huwezi kukataa kufungua chumba halafu useme hujaona kitu ndani. Tofauti ni hii: gawa kwa kitu kinachoweza kuwa kinafanya kazi ndani ya jambo lenyewe. Usigawe kwa kitu kinachofanya kazi kwenye hasira za watu tu.

Haya, kwa wale wanaochora, na najua mko wengi siku hizi, sikizeni venye mimi hufanya sasa.

Kwanza, milango iwe saizi moja. Kompyuta ina ujanja wa kukupa kila chumba kipimo chake, ili kila picha ijae vizuri. Ukikubali bila kufikiri, asilimia 5 ya Nyeri itasimama na urefu sawa na asilimia 50 ya Samburu, na mtazamaji anayepita na kidole kwenye simu ataondoka akidhani wako sawa. Kama una sababu ya kubadilisha kipimo, iandike pale juu, usiifiche kwenye herufi za sisimizi.

Pili, hesabu walio ndani ya chumba. Ule utafiti wa 2022 ulihoji wanawake 32,156. Ni wengi, eh? Gawa kwa kaunti 47, unabaki na wastani wa kama 680 kwa kaunti. Chukua wa miaka 15 hadi 19 tu, wamepungua zaidi. Gawa tena kwa elimu, halafu kwa umri mmoja mmoja, utajikuta kwenye chumba chenye watu wanane, na mmoja wao akipiga chafya nguzo inaruka. Kugawa kupita kiasi nako ni uongo, ila umevaa miwani. Andika idadi mlangoni. Chumba kikiwa na watu wachache, sema.

Tatu, usipange vyumba kwa alfabeti kwa sababu tu kompyuta imependa. Baringo haifuatani na Bomet kwa jambo lolote zaidi ya herufi B. Panga kwa kinachoongea: kutoka juu kwenda chini, au kutoka nyanda za baridi kwenda za joto, ili jicho litembee kama mtu anayeteremka kutoka Kitale kwenda Bungoma na kuona mahindi yakibadilika njiani.

Nne, kumbuka simu. Nyinyi wote mnasoma hii kwa simu, wengine skrini ina ufa. Vyumba 47 kwa skrini ya kiganja ni ukungu tu. Chagua vyumba sita vinavyobeba hoja, lakini usichague vile vinavyokupendeza peke yake, na vingine uvitaje. Ukiweza, weka nyuma ya kila chumba kivuli cha rangi ya majivu cha nchi nzima, ili mtu aone kundi lake na aone liko wapi kati ya wengine.

Na kwa wale hamchori, mnashea tu, nanyi mna kazi. Chati ikikujia imebeba Kenya yote kwa nguzo mbili, au laini moja inayopanda au kushuka, shika kidole kidogo. Uliza ni watu gani wamerundikwa humu. Uliza kama kundi hili na lile wanatoka mahali pamoja. Aliyechora akikasirika kuulizwa, hapo umeshajibiwa.

Sisi vijana tunalalamika kila siku kwamba tunazungumziwa kama mzigo mmoja. "Vijana wa Kenya hawataki kazi." "Vijana wa Kenya wako kwa simu tu." Msichana wa Pokot Magharibi anayebeba mtoto na jamaa wa Nyeri anayesubiri barua ya chuo wanawekwa gunia moja, linashonwa mdomo, linapimwa, na kilo inatangazwa redioni. Tukilalamikia hilo, tusiwafanyie wengine hilo hilo kwa sababu chati ya nguzo mbili inapata laiki haraka. Mimi nilifanya. Nililipwa kwa mioyo na vidole gumba, na mjomba akalipa kwa msimu.

Mwaka huu nilienda kumwona kabla ya kupanda. Nilimlipia mbegu, si kwa sababu aliniomba, ila kwa sababu ilikuwa haki. Tulikaa nje, nikamfungulia ile chati mpya kwa simu, yenye vyumba viwili na idadi ya watu imeandikwa mlangoni mwa kila kimoja. Akaitazama muda mrefu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, kama wazee wanavyofanya. Kisha akaniuliza swali ambalo sasa naliweka juu ya kila kitu ninachochora.

"Sawa, mpwa wangu. Na mimi niko chumba gani?"